Msumeno Hauna Mafundi Wawili

Jumatatu, 3 Juni 1996
Meneja mpya, Bwana Damiano, kaitisha kikao kiwandani. Eti kila ujuzi uwe na watu wawili! Eti mimi, mnoaji pekee wa misumeno katika kiwanda chote hiki cha mbao, nimfundishe Nyanda. Nyanda! Juzi tu alikuwa anaswaga ng'ombe. Na nafasi ya unyapara iko wazi, naitaka mimi. Nimpe kisu anichinje nacho? Nimejibu ndiyo, bosi. Moyoni nimekataa.

Jumanne, 4 Juni
Nimemfundisha. Meno ya msumeno hulazwa moja kushoto, moja kulia. Nikamwambia yote yalale kulia. Akauliza mbona kwenye msumeno wangu hayako hivyo. Nikamwambia aache ubishi, ule wa kizamani. Akashukuru, akaniita mzee wangu. Mpumbavu.

Alhamisi, 6 Juni
Mbao za mabenchi ya kanisa la Mwese zimetoka zimepinda kama ndizi! Mninga mtupu, mbao ya bei! Nikawa wa kwanza kufoka: nani kagusa msumeno? Nyanda akanyoosha mkono mwenyewe, hata hakujitetea. Raha! Kisha Bwana Damiano akauliza nani aliyemfundisha. Akasema kosa la mwanafunzi hubebwa na fundi wake. Sheria ya wapi hiyo? Sasa nachonga mipini ya majembe kwa mbao zile, mimi, fundi mzima!

Prisila wa mashine ya randa akaja kunipa pole. Kafundisha wenzake wote mpaka yeye kabaki kuzunguka, anauliza nani kakwama. Mvivu yule.

Jumatatu, 10 Juni
Unyapara kapewa Prisila! Nimeingia ofisini bila hodi. Nikauliza nani fundi hapa kunizidi mimi. Bwana Damiano akakubali kwamba hakuna. Akasema ndiyo maana hawezi kunitoa pale, maana nani atanoa? Prisila akiiacha randa, kazi inaendelea. Nikabamiza mlango, kitasa kikabaki mkononi.

Jumatano, 12 Juni
Sijala vizuri tangu juzi. Lakini nimefikiri, na kosa langu nimeliona. Nilimwonyesha Nyanda kwamba meno hulazwa. Ule ulikuwa ukarimu wa kijinga! Leo nyapara Prisila kaniletea mwanafunzi mwingine, Minza. Kaja na tupa yake mpya ya kunolea, anatabasamu. Nimempa ufagio. Huyu simfundishi kitu, hata uongo. Wakiona kweli hakuna mwingine anayejua, unyapara watanipa tu.