Ukuta Mkuu wa Sita A

Jumatatu, 9 Juni

Mwalimu Mkuu ametangaza kwamba Ijumaa wazazi watakuja kuona kazi za wanafunzi kuhusu maisha ya Wachina wa kale. Hakusema kwamba ndiyo siku atakayochagua mwalimu wa taaluma. Hakuhitaji kusema. Aliniangalia muda mrefu. Mke wangu anadhani alikuwa anaangalia doa la chai kwenye tai yangu.

Mpinzani ni mmoja tu, mwalimu wa Sita B, mlango unaofuata wangu. Namwita Bi Nadhifu. Hata chaki zake amezipanga kwa urefu. Darasa lake litatengeneza karatasi kwa mikono, kama Wachina walivyofanya. Karatasi! Mimi nitajenga Ukuta Mkuu.

Jumanne, 10 Juni

Nimezunguka madukani kuomba maboksi. Muuza viatu kanipa lundo. Muuza majokofu kanipa machache, ila kila moja unaweza kulala ndani.

Darasani nimegawa kazi. Kuna waliotaka kuandika kwa brashi na wino, kuna waliotaka kuchora viwavi wa hariri. Nimewaambia wote ni mafundi ujenzi. Nafasi ya mfalme ilizua ubishi, nikaichukua mwenyewe ili kuleta amani.

Kimya nimempa ulinzi wa ukuta. Binti huyu alihamia kwetu muhula huu, anaishi na bibi yake, na hajawahi kufungua kinywa darasani. Wenzake ndio waliompa jina hilo. Mlinzi anasimama tu, haongei, kwa hiyo nilijiona nimemfanyia hisani. Alinitazama, akaenda zake maktaba.

Jumatano, 11 Juni

Wazo limenijia nikinyoa ndevu. Wazazi huingia kwa mlango wa mbele, wakafika kwetu, kisha wakaendelea hadi Sita B. Sasa ukuta ukikata korido katikati ya madarasa haya mawili, safari yao itaishia kwangu. Hata Wachina waliujenga kuzuia watu.

Bi Nadhifu alikuja kuuliza, kwa upole, kama tutaacha lango. Nikamjibu kwamba sisi tunazingatia historia. Akasema hata ule wa kweli ulikuwa na malango. Nikajifanya nimeitwa ofisini.

Niliporudi nilikuta ametuletea ndoo ya gundi ya unga wa ngano iliyobaki kwake. Hila hiyo, nikajua mara moja. Nimeitumia yote, lakini kwa tahadhari.

Alhamisi, 12 Juni

Ukuta umegusa dari. Watoto wameuchorea mawe, mtu angeapa ni wa kweli. Mama wa usafi ameuliza atapitaje na ufagio. Nimemwelekeza azunguke nje.

Kimya kanipa mchoro wa mnara unaotoa moshi. Nikamsifu kwa kuchora jiko zuri la kuni. Alitikisa kichwa, akaubandika mwenyewe ukutani.

Pazia jekundu la sebuleni ndilo joho langu. Mke wangu kasema lirudi kama lilivyotoka.

Ijumaa, 13 Juni

Sina nguvu ya kuandika, lakini naandika.

Asubuhi tuliingia vizuri. Saa nne kitasa cha mlango wa mbele kikagoma. Fundi akahangaika nacho, akashindwa. Mlinzi wa getini akawapitisha wazazi mlango wa nyuma. Moja kwa moja Sita B!

Nikakaa kwenye kiti changu cha enzi koridoni, nikisikia makofi ya watu wengine. Wazazi wetu walikuwa upande ule, watoto wao upande huu. Mtoto mmoja akaanza kulia, wa pili akamsaidia. Nami nikafuta macho kwa joho, nikasema ni vumbi la maboksi.

Ndipo sauti ngeni ikasikika upande wetu wa ukuta.

"Bibi! Niko huku!"

Kimya alikuwa amechomoa boksi moja la viatu, uso wake kwenye tundu. Bibi yake akainama upande wa pili. Mtoto akamweleza jinsi walinzi wa Wachina walivyowasha moto minarani, moshi ukaonekana mbali, mnara hadi mnara, mpaka habari ya adui ikafika kwa wakubwa. Alieleza bila kusita. Wazazi wote wakachuchumaa kusikiliza, Mwalimu Mkuu akiwa mbele yao. Hata Bi Nadhifu alipiga magoti sakafuni na sketi yake nyeupe.

Nikaona wamsikie na mfalme. Nikaingiza kichwa tunduni. Taji likanasa. Nikavuta, kisha nikasukuma.

Ukuta wote ulimwangukia Mwalimu Mkuu. Sita B ndio waliomfukua. Watoto wetu waliruka juu ya maboksi kuwakumbatia wazazi wao. Pazia limechanika.

Jumatatu, 16 Juni

Bi Nadhifu ndiye mwalimu wa taaluma. Mwalimu Mkuu ametangaza akiwa na plasta kwenye pua, bila kuniangalia kabisa.

Bibi yake Kimya alikuja shuleni, akanishika mkono kwa muda. Anasema mtoto anaongea tu tangu Ijumaa, hata chakula kikiwa mdomoni. Alinishukuru kwa kubuni lile tundu. Nilimjibu kwamba lilihitaji mipango mingi.

Nimetafakari kwa uaminifu nilipokosea. Ukuta huzuia pande zote mbili, basi. Muhula ujao tutasoma jinsi Wachina walivyochimba mifereji. Nimemwomba mtunza bustani mpira wa maji. Na nimeshapima kwa gololi: sakafu ya korido inateremka kuelekea Sita B.