Vipira Saba kwenye Kamba ya Nguo

Jumatatu, 6 Mei
Bwana Mkubwa amenitia aibu tena. Bwana Mkubwa ni pikapu yangu, ya kusambazia magodoro. Leo amekwama kwenye tope nyuma ya duka langu, tope ambalo hata kuku angevuka. Nikabonyeza swichi ya kuvutisha magurudumu yote manne. Taa ikawaka. Magurudumu ya mbele yakakaa tu, kama wageni waliokuja kutazama. Wateja wawili wakanisukuma, kisha wakaondoka bila kununua godoro.

Jioni mke wangu akatoa tamko. Jumamosi mama yake anahamia nyumba mpya juu kilimani, njia ni udongo mtupu na mvua ndizo hizi. Gari likimfikisha mama yake na vitu vyake, linabaki. Likikwama, linauzwa kwa muuza mbao, ambaye amekuwa akilimezea mate tangu mwaka jana. Aliyasema hayo akisugua sufuria, hakuinua hata macho. Nikajua hatanii.

Nalipenda gari hili. Sina la kuongeza.

Jumanne, 7 Mei
Shemeji kapita. Ni kaka wa mke wangu, ana gereji, na ana kipaji cha kutokea wakati mtu yuko chini ya gari. Akasikiliza injini, akapiga mluzi. Akasema hiyo sss ninayoisikia ni vakyumu inavuja. Akanieleza polepole, kama mwalimu wa chekechea. Injini inanyonya hewa kupitia vipira vyembamba. Mnyonyo huo ndio unaounganisha magurudumu ya mbele, na huo huo ndio unaogeuza upepo wa ndani, uende usoni au miguuni. Kipira kikipasuka, nguvu hakuna. Akasema nimpelekee kesho, ni kazi ya kumaliza kabla chai haijapoa.

Nikamwambia nitaangalia ratiba yangu. Sina ratiba. Lakini tangu nioe, kila kinachofanya kazi nyumbani kwangu kimetengenezwa na Shemeji. Pasi. Bomba la jikoni. Kitanda chetu! Kila kitu kina mipaka.

Jumatano, 8 Mei
Uchunguzi rasmi. Nimechomoa vipira vyote saba. Ule mpira mnene wa breki sikuugusa, mimi si mwendawazimu. Kila kipira nimekiziba upande mmoja kwa kidole na kunyonya upande wa pili. Kikinata ulimini, kizima. Kikipitisha hewa, ndiye mwizi wetu.

Nimempata! Cha tano, ufa mdogo kwenye ncha. Nikaikata ncha, nikabaki na kipira kizima, kifupi kidogo. Mtu wa kawaida angevirudisha hapo hapo. Mimi nikaona vina vumbi. Nimevifua kwa sabuni na kuvianika kwenye kamba ya nguo, kwa mpangilio, kushoto kwenda kulia, kila kimoja na kibanio chake. Kamba ndiyo kumbukumbu yangu. Gereji ya Shemeji haina utaratibu kama huu.

Mke wangu kaniuliza nimekula nini, midomo imekuwa myeusi. Nikasema ni kazi. Akacheka peke yake mpaka wakati wa kulala.

Alhamisi, 9 Mei
Balaa. Mvua imekuja ghafla, mke wangu akakimbia kuanua nguo. Akaanua na vipira. Nimevikuta ndani ya beseni, chini ya mashuka. Nikamuuliza vilikuwa vimepangwaje. Akasema vilikuwa vimepangwa kuloa.

Nimevirudisha kwa akili yangu mwenyewe. Kila kipira kimepata tundu, kila tundu limepata kipira. Ile sss imekwisha kabisa. Shemeji kapita, akauliza kama nimelijaribu kwenye tope. Nikamjibu kwamba kitu kisichovuja hakina haja ya kujaribiwa.

Ijumaa, 10 Mei
Sikulijaribu. Nimeliosha.

Jumamosi, 11 Mei
Mvua imepumzika, tope halijapumzika. Mama mkwe kakaa mbele na mimi, mkoba mapajani. Mke wangu nyuma, kalishikilia kabati. Nyuma yetu Shemeji kwa pikipiki, kamba ya kuvutia gari begani. Hakualikwa.

Katikati ya mlima gari likaanza kuteleza. Nikabonyeza swichi kwa madaha. Upepo ukamvaa Mama mkwe usoni, kitambaa cha kichwa kikapeperukia nje ya dirisha. Magurudumu ya mbele, kimya. Tukaanza kurudi nyuma. Nikasikia mluzi wa Shemeji. Niliogopa, niseme ukweli. Nilimwona muuza mbao kwenye usukani wangu.

Mama mkwe akaniambia kwa upole kwamba baridi inamwingia masikioni, na kwamba mimi mwanawe nigeuze upepo uende miguuni. Mama mkwe habishiwi. Nikageuza kitufe cha upepo.

Chini ya gari kitu kikalia ka! Magurudumu ya mbele yakauma udongo. Bwana Mkubwa akapanda!

Upepo wenyewe haukwenda miguuni. Uliendelea kumpiga Mama mkwe usoni. Akaomba nirudishe kitufe. Nikarudisha, gari likateleza. Nikageuza tena, likapanda. Nikamwomba Mama avumilie. Alifika juu machozi yanamtoka. Nikasema ni furaha ya nyumba mpya.

Shemeji akafungua boneti, akacheka mpaka akaegemea taa. Akasema vipira viwili vimebadilishana makazi. Nikasema nilikusudia, ili mwizi wa magari asijue kuliendesha. Mke wangu akasema ahadi ni ahadi, gari linabaki. Nikamkumbatia palepale, mbele ya mama yake. Kisha Mama mkwe, akijifuta macho, akaweka sharti lake.

Jumapili, 12 Mei
Sharti limetimizwa. Shemeji kavirudisha vile vipira viwili mahali pake, kisha kafunga boneti kwa kufuli. Ufunguo anao Mama mkwe. Sasa swichi inavuta magurudumu na kitufe kinageuza upepo. Limekuwa gari la kawaida, kama la mtu yeyote.

Nimelitafakari jambo hili kwa makini. Kosa lilikuwa la mvua.

Mchana simu ya mke wangu ikaita, yeye yuko bafuni. Alikuwa Mama mkwe. Pampu ya maji ya nyumba mpya inanguruma lakini haivuti maji, akaomba Shemeji aambiwe. Nikasema ujumbe umefika.

Pampu inanyonya, injini inanyonya. Hakuna asiyejua kwamba hiyo ndiyo fani yangu. Nimemwambia mke wangu nakwenda kumjulia hali mama yake, akafurahi. Plaisi nimeificha kwenye soksi. Na safari hii nimebeba vibanio vya nguo vyangu mwenyewe.