Hakimu Ngxola na Chuma cha Kilo Ishirini

Sogeeni, enyi mliokaa na enyi mlioegemea ukuta, enyi wenye viuno vizima na wenye viuno vilivyokwisha! Zimeni simu, epueni vyungu, kwani leo nawasimulia vita aliyopigana Nombulelo Ngxola, binti wa ukoo wa Mpinga, hakimu wa jiji la Gqeberha, Afrika Kusini, kwa miaka kumi na tisa, kitisho cha wezi wa nyaya, mwanamke wa miaka hamsini na sita aliyekata mawimbi ya ghuba kabla jua halijanawa uso. Mola amjalie msimulizi wenu pumzi. Shujaa mwenyewe pumzi alikuwa nayo tele, kilichompungukia ni mapaja.

Jueni ya kwamba shujaa huyu alikuwa amejiandikisha katika triathloni, mashindano ya wale ambao shida moja haiwatoshi: huogelea, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia, yote kwa siku moja, tena kwa hiari yao. Juma lake lilikuwa limegawanywa kama nchi iliyotekwa. Jumatatu na Ijumaa zilichukuliwa na bahari, Jumanne na Jumamosi zikaenda kwa baiskeli, Jumatano na Jumapili kwa mbio, na Alhamisi ikaachwa kuwa ya kupumzika. Lakini mwalimu wake, Anneke Rautenbach, mwanamke wa umri wa binti yake na sauti ya sajenti, alikuwa ameandika pia, mara mbili kwa juma, neno moja fupi: *chuma*. Hakimu aliliona neno hilo, akaliinamia kwa heshima, akalipita.

Mara ya kwanza alisema kesho ana safari ndefu ya baiskeli, haifai kuichosha miguu. Mara ya pili alisema jana alikuwa na safari ndefu ya baiskeli, miguu imechoka. Juma la tano ilikuwa upepo, ingawa chuma hunyanyuliwa ndani ya nyumba. Hivyo yakapita majuma kumi na moja, na katika juma la kumi na mbili goti la kulia likaasi.

Akaenda kwa mtaalamu wa viungo, akabonyezwa, akageuzwa, akarudi nyumbani na hukumu. Mumewe, Mthetheleli, dereva wa treni mstaafu, alikuwa jikoni akikoroga umngqusho, pure ya mahindi na maharage.

"Haya, amesemaje?"

"Amesema," akajibu shujaa, akisimama kama aliye mbele ya baraza la wafalme, "ya kwamba goti halina hatia. Goti ni shahidi tu. Mkosaji ni misuli ya nyuma, ambayo, kwa maneno yake, imelala."

"Nyuma wapi?"

"Nyuma."

Mzee akaweka mwiko chini. "MaMpinga. Unaniambia makalio yamelala?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Miaka thelathini nalala nayo chumba kimoja, sijawahi kuyasikia yakikoroma!"

Akacheka mpaka akashika sinki. Shujaa hakucheka. Alikuwa ameambiwa pia kwamba akishika chuma sasa, mashindano atayawahi. Asiposhika, siku hiyo atasimama kando ya barabara akiwapigia wenzake makofi.

Na bado aliahirisha juma moja zaidi.

Kisha ikafika Jumatano. Mahakamani, wakili Ludidi aliinuka, mara ya nne katika kesi ile ile, akaomba iahirishwe kwa kukosa muda wa kujiandaa. Hakimu akasimama, jambo asilolifanya ila kwa hasira kuu.

"Wakili! Kila mwezi unaniambia mwezi ujao! Muda hauletwi na posta, bwana, muda unakamatwa shingoni! Mtu akiahirisha mara nne, huyo hana udhuru, huyo ana woga!"

Hapo goti likalia *kwaa*, kiasi cha karani kuinua kichwa. Hakimu akaliinamia goti lake. "Ombi limekataliwa," akasema kwa sauti ndogo, na watu wakadhani anamwambia Ludidi.

Mapumziko yalipofika akampigia mwalimu. "Anneke, nijibu mbele ya Mungu. Nikinyanyua chuma kabla ya baiskeli, baiskeli inakufa. Nikinyanyua baadaye, nakufa mimi. Ni lini sasa?"

"Leo."

"Leo asubuhi nimekimbia mlimani! Sina miguu!"

"Ndiyo maana ni leo, mama. Siku ngumu iwe ngumu yote, kesho upumzike kweli. Nusu saa tu. Wewe unataka kupaka uchovu juma zima kama siagi kwenye mkate."

Saa kumi na moja jioni shujaa akaingia jimu, akapita katikati ya majitu yasiyo na shingo, hadi mbele ya msimamizi wa vyuma. Miguu ikagoma. Mtu yule, Bonisile Kwaza, mwenye mabega ya lango la ngome, alikuwa amefungwa miezi minane kwa kuiba nyaya, na aliyemfunga ni hakimu mwenyewe. Vyuma alijifunzia huko huko alikopelekwa.

"Mheshimiwa."

"Bwana Kwaza. Una kinyongo?"

"Kinyongo sina, Mheshimiwa. Nina utaratibu. Chuchumaa mara tano."

Akamwekea mabegani chuma kitupu, kilo ishirini, bila hata kisahani cha uzito pembeni. Hakimu akashuka kidogo, akapanda. "Moja!"

"Hiyo haihesabiki."

"Kwa nini?"

"Uliishia njiani, Mheshimiwa. Nyumbani hukufika."

"Nakata rufaa!"

"Kwa nani?"

Akatazama huku, akatazama kule. Hapakuwa na mahakama ya juu zaidi. Basi akateremka, akateremka tena, hadi bonde ambalo mapaja yake hayakulikanyaga tangu ujana. Na mara ya tano akakwama humo, magoti yakitetemeka kama mabati ya Gqeberha siku ya upepo, machozi yakimlenga, naye akijua kwamba akikiacha chuma sasa hatarudi tena.

"Usiniangalie mimi! Sukuma sakafu!"

Akasukuma. Na huko nyuma, waliolala wakaamka kwa kishindo, na Nombulelo Ngxola akainuka.

"Tano," akasema Kwaza. "Hiyo nimeikubali."

"Nimemaliza?"

"Mzunguko wa kwanza. Bado miwili."

Akaimaliza yote.

Asubuhi ya Alhamisi karani alipaza sauti, na mahakama nzima ikasimama, kama ilivyo ada, ikingoja hakimu aketi ndipo nayo iketi. Hakimu akashika meza kwa mikono miwili, akaanza kushuka. Alishuka kama bendera ya taifa jioni, kidogo kidogo, uso mtulivu, jasho likimtiririka kwenye nyusi. Ludidi alisimama. Mwendesha mashtaka alisimama. Polisi na washtakiwa walisimama bega kwa bega, na hakuna aliyethubutu kukohoa. Iandikwe basi katika kumbukumbu za miji, wasomewe wajukuu: kwa muda wa dakika moja na robo, raia arobaini wa Gqeberha walisimama wima kwa heshima ya mapaja mawili, wala hawakujua.

Kiti kikalia. Hakimu akafumba macho, akayafumbua.

"Kaeni," akasema.