Glasi Kumi na Mbili za Ndoto

Jumanne, 4 Februari
Mazoezi ya opera. Kwenye tukio la pili bi harusi anaota macho wazi, anamwona mchumba wake aliyezama mtoni. Maestro Zanardi, kiongozi wa okestra, kasema ndoto hiyo ataipiga Fosca kwa kinubi au mimi kwa glasi zangu kumi na mbili za maji, zinazolia ukisugua ukingo kwa kidole. Mmoja wetu atakaa bila kazi kwenye tukio hilo. Nikamweleza kwamba kinubi ni usingizi wa aliyeshiba, glasi ni mtu asiyejua kama ameamka. Fosca akasema basi mimi mzee Oreste sihitaji hata glasi, nitokeze uso tu. Okestra nzima ikacheka. Nami nikacheka, masikio yakiwaka.

Jumatano, 5 Februari
Aibu. Nikiwa nasugua ukingo wa glasi, kidole kilikauka. Ikalia kama mlango wa zizi. Fosca akanong'ona kwamba bi harusi ameamka. Mpango: badala ya maji, divai nyeupe ya baba mkwe. Divai haikaushi kidole upesi. Ushahidi sina.

Ijumaa, 7 Februari
Inafanya kazi. Ukitaka sauti ipande, unapunguza. Maji humwagwa, lakini nani kwetu humwaga divai? Nikapunguza kwa kunywa. Maestro kasema hajapata kusikia ndoto ya kweli namna hii, kanipa mimi niipige. Iride, mke wangu, kauliza mbona nanukia harusi na sikumwalika.

Jumapili, 9 Februari
Onyesho la mchana. Roshani ya juu imejaa wale wanaojua kila noti, Ermete kinyozi mbele yao. Sauti za glasi zilikuwa chini kidogo. Nikapunguza. Zikapanda mno. Nikajaza, nikapunguza tena. Bi harusi akaanza kuota. Mimi pia.

Nimeambiwa nilikoroma. Fosca aliiokoa ndoto nzima kwa kinubi, bila karatasi ya noti. Ermete akatangaza kutoka juu kwamba watu waache kutafuta mtoni, aliyezama yuko nyuma ya matarumbeta.

Delfina, bi harusi wetu, kaisubiri nafasi hii miaka sita. Alipita karibu nami bila kunitazama. Heri angenitukana.

Jumatatu, 10 Februari
Nimeomba radhi, kofia mkononi. Delfina kasema walau mmoja aliota kweli. Fosca ndiye aliyenitetea, sijui niweke wapi uso. Onyesho la Jumamosi tutapiga wote wawili: kinubi kitamlaza bi harusi, glasi zitampoteza ndotoni. Sharti la Maestro: ndani ya glasi maji matupu. Nimeapa mbele ya wote.

Nitatimiza. Ila kidole bado kitakauka, na kiapo hakikutaja kidole. Nimeshapata kibakuli cha kukilowesha. Kidogo tu. Kinachukua nusu chupa ya grapa, ile pombe kali ya zabibu.