Taya la Mzee Sulaiti

Jumatatu, 1 Septemba 2025
Binamu na mshindani wangu Faruk amerudi kwetu Koboko na meno mapya. Si ya kuvua usiku. Yamepandikizwa, yamefungwa kwa skrubu kwenye mfupa wa taya. Ametafuna mahindi ya kuchoma nje ya msikiti, polepole, ili sote tuone. Mzee mzima!
Jumamosi wazee wanachagua msemaji wa familia kwa harusi ya mpwa wangu Kulusum, mwakani. Kazi hiyo ni yangu. Ila harusi iliyopita meno yangu ya bandia yalichomoka katikati ya salamu, yakatua kwenye pilau ya wakwe.
Uamuzi: nami napandikiza.

Jumatano, 3 Septemba
Mjini Arua. Daktari wa meno anaitwa Anguyo. Mpole, anauliza sana. Nina ugonjwa gani? Hakuna. Natumia dawa ya mifupa? Nikasema mifupa yangu ni chuma. Akautazama mkono wangu uliovunjika, wenye plasta. Nikasema nilimpiga fahali.
Ukweli: niliteleza bafuni. Mifupa yangu imekuwa myepesi na kuvunjika ovyo. Huu ni mwaka wa pili napigwa sindano za kuiimarisha. Watu husema ni ugonjwa wa bibi vizee. Faruk akijua, nimekwisha.
Anguyo anataka eksirei ya taya kesho. Balaa: picha itaonyesha mifupa yangu.

Alhamisi, 4 Septemba
Nimepata! Shemeji yangu Shafiki ni kijana, mbeba saruji pale Onduparaka. Chumba cha eksirei kiko jengo lingine, hawanijui. Shafiki amepigwa picha kwa jina langu. Mimi nilikunywa chai ng'ambo ya barabara. Mpango safi kabisa.

Ijumaa, 5 Septemba
Anguyo alitazama picha. Akatazama kinywa changu. Akarudi kwenye picha.
“Mzee, hapa meno iko yote. Picha ni ya jana. Meno imeenda wapi?”
Nikasema nimeanguka.
“Na damu hakuna?”
Nikasema mimi huanguka vizuri.
Hapo mke wangu Shamim, ambaye hakuna aliyemwomba aingie, akasema, “Daktari, huyu mzee anaongopa. Iko na ugonjwa ya mifupa. Wanamupiga sindano.”
Anguyo hakufoka. Aliweka kalamu chini. Akaeleza kwamba mifupa myepesi peke yake haimzuii mtu kupandikizwa meno. Wazee wengi wanayo na wamepona vizuri. Hatari iko kwenye sindano zile. Mara chache, mfupa wa taya ukitobolewa, kidonda hukataa kufunga na mfupa hufa. Ndiyo maana aliuliza. Ningemwambia Jumatano, angekwisha kuzungumza na daktari wangu wa mifupa.
Shamim akalia. Huyu mwanamke hakulia hata nyumba yetu ilipoungua. Nimelishika taya langu njia nzima hadi Koboko.

Jumamosi, 6 Septemba
Kikao cha wazee. Kabla sijafungua mdomo, Faruk akasimama. Akasema naye ana mifupa myepesi, na alimwambia daktari wake siku ya kwanza, ndiyo sababu alitibiwa kwa uangalifu. Akatuhimiza wazee tusiwafiche madaktari. Wakamwombea dua. Mmoja akafuta machozi. Kisha wakamchagua msemaji.
Ugonjwa ni wetu sote wawili, sifa kachukua yeye!
Mimi nitasimamia viatu vya wageni mlangoni.

Jumatatu, 15 Septemba
Anguyo amepiga simu. Amezungumza na daktari wa mifupa, wameona eksirei yangu halisi, niliyopigwa mwenyewe wiki iliyopita. Taya linafaa. Wataanza mwezi ujao, hatua kwa hatua, na watanichunguza mara kwa mara. Nimefurahi mno. Nimemwahidi kwamba kuanzia leo atapata ukweli mtupu.
Akasema vizuri, basi limebaki swali moja. Je, natumia tumbaku, hata ya kutafuna? Maana inazuia kidonda kupona.
Nikasema haijawahi kugusa midomo yangu. Akaniomba nirudie, hakunisikia vizuri. Nikaihamishia shavu la pili, nikarudia.