Maji ya Chokaa Yaliyomshika Kila Mtu

Karibu na Didia,
Shinyanga.
14 Agosti 1954

Kwa Bwana Mkuu wa Chuo cha Ualimu,

Shikamoo, Bwana Mkuu. Sisi huku hatujambo, ila hatusemezani.

Mimi ni Jilala, mwanangwa wa kijiji hiki, yaani ndimi ninayeamua kesi kabla hazijafika kwa mtemi. Shemeji yangu Paskalina, mwanafunzi wenu, amekuja likizo na daftari la maswali ya kemia na chupa ya maji ya chokaa. Wiki hiyohiyo, samli ya mama mkwe wangu, Mama Mbuke, chungu kizima alichonipa nimtunzie kwa sherehe ya mjukuu, ikaibwa ghalani kwangu. Mama mkwe amemchukua mke wangu Generosa na mtoto, na ameapa hawarudi mpaka mwizi ajulikane. Leo siku ya tisa napika mwenyewe. Ugali wangu hata mbwa anaunusa tu, anaondoka.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Swali la nne linasema mtu apulize kwa mrija ndani ya maji ya chokaa, aandike anachokiona. Paskalina alimpa mrija jirani yetu Bujiku. Akapuliza, maji yakawa meupe kama maziwa. Mama mkwe alikuwepo, akapiga kigelegele: mwizi kapatikana! Paskalina akaeleza kwamba ile ni gesi ya kaboni, imo katika pumzi ya kila mtu. Tukamwambia asitumie elimu kutetea wezi.

2. Bujiku akadai na wengine wapulize. Ni haki yake. Akapuliza mhunzi Kalisti: meupe. Akapuliza katekista Athanas, mtu ambaye Ijumaa hagusi hata mchuzi wa nyama: meupe! Kufika jioni tulikuwa na wezi thelathini na wanne wa chungu kimoja. Jamani, samli hiyo waligawanaje?

3. Nikatumia akili. Swali la tano linasema kikombe kimoja ukikizimua kwa vikombe vitatu vya maji, nguvu yake hubaki robo. Nikaamuru yazimuliwe, ili yakamate wezi wakubwa tu, wadokozi yawaache. Yakawashika walewale, kwa weupe hafifu. Sasa watu wanaitana mwizi robo, na asubuhi hakuna anayeniamkia.

4. Hili ndilo lililoniuma hasa. Onesmo, mpiga baragumu wetu, ambaye mwezi wa tano alikutwa na kuku wawili ndani ya koti lake la kanisani, naye alipuliza yakawa meupe. Lakini hakuacha! Akapuliza, akapuliza, mishipa imemtoka shingoni, mpaka maji yakarudi kuwa safi kabisa. Paskalina akarukaruka kwa furaha, eti ndilo jibu la swali la sita: gesi ikizidi, ule weupe huyeyuka tena. Mama mkwe hakusikia habari ya kuyeyuka. Aliona mtu msafi, akampa kigoda cha mbele. Na sasa Onesmo anataka nimwombe radhi kwa habari ya wale kuku.

Kwa hiyo, Bwana Mkuu, naomba kwa unyenyekevu mtuletee maji mengine yanayomjua mwizi. Kama hayapo, kemia ifutwe chuoni na Paskalina afundishwe kushona. Maji yasiyomtofautisha katekista na Onesmo hayafai kufundishiwa watoto wa watu.

Nisalimie walimu wote, wapishi, mlinzi wa lango, na yeyote aliyetunga swali la sita, ingawa huyo msalimie kidogo tu.

Wako mtiifu mwenye njaa,
Jilala, Mwanangwa

Nyongeza: Kemia msiifute kwanza. Mama mkwe ametangaza kwamba Jumapili ijayo ni zamu yangu, kwa kuwa kijiji kizima ni mimi peke yangu sijapuliza. Nijibu upesi, Bwana Mkuu: mtu mwenye kifua kidogo, aliyemaliza chungu cha samli kwa siku nne, apulize dakika ngapi mpaka maji yarudi kuwa safi? Chungu kiko uvunguni, nimeshakiosha. Nataka Generosa arudi nyumbani.