Zamu ya Idd Mosi

Jumatatu, 16 Machi
Mzee Usi wa Chwaka, babake Badria, kasema niende na ami yangu siku ya Idd Mosi, tuzungumze. Posa hiyo! Tatizo Nadir, mwenzangu hapa mapokezi ya hoteli, Kiwengwa. Naye anamtaka Badria, na posa inayotangulia ndiyo inayosikilizwa. Bi Zuleikha, meneja wetu, kasema Ijumaa na Jumamosi tupokezane, mmoja apumzike, mmoja abaki kazini, na ratiba ya zamu iandikwe kwa Ekseli. Nikanyoosha mkono hajamaliza kusema.

Jumanne, 17 Machi
Fomula nimeitunga safi: siku ikiwa ya Idd, mimi Ayoub nyumbani, Nadir kazini. Tarehe ya Idd nimeandika Ijumaa, 20. Nikabonyeza. Kompyuta ikanirudishia fomula yangu vile vile, herufi kwa herufi! Saa nzima natokwa jasho, na saumu hii. Kumbe nimeacha nafasi mbele ya alama ya sawasawa. Nafasi! Kitu hata hakionekani! Nikaifuta. Sasa penye tarehe pamejaa alama za reli tupu, ####. Kumbe safu nyembamba, tarehe haienei. Si iseme tu!

Jumatano, 18 Machi
Nikaivuta fomula chini ijaze siku zote. Jina langu likaangukia kazini siku ya Idd! Lahaula! Ukiivuta mstari mmoja chini, nayo inamchukua mtu wa mstari wa chini. Sharti uikaze kwa alama ya dola. Nikaikaza. Ikatii. Ijumaa Ayoub nyumbani, Jumamosi Nadir nyumbani. Bi Zuleikha kachapisha, katia saini na muhuri, kabandika ukutani, kasema haibadiliki mpaka sikukuu ishe. Nadir kaisoma, kasema hewala. Hakugomba hata. Maskini! Roho yangu kwatu.

Alhamisi, 19 Machi
Futari haikushuka. Sikio kwenye redio. Mwezi haukuonekana. Popote! Tunakamilisha thelathini, Idd ni Jumamosi. Yarabi! Nimekimbilia kompyuta, nikaandika 21, na fomula ikageuka papo hapo: Ayoub nyumbani. Karatasi ya ukutani haikugeuka. Nikampigia Bi Zuleikha. Kasema muhuri ni muhuri, kisha kaniuliza tangu lini mwezi unaandama kwa kompyuta.

Ijumaa, 20 Machi
Mapumziko. Nimefunga. Kanzu imepigwa pasi, imening'inia, inanitazama. Nikamwambia ami twende Chwaka leo leo. Kasema posa haipelekwi kwa watu wenye njaa. Kisha kauliza mpumbavu gani kapanga ratiba hii. Nikasema kompyuta.

Jumamosi, 21 Machi
Idd Mosi. Nagawa taulo za pwani kwa wageni. Nadir kanitumia picha kutoka Chwaka: yeye, ami yake, Mzee Usi, sinia la biriani. Chini kaandika ahsante kwa ratiba. Hasidi huyu! Lakini mzee kasema atajibu baada ya sikukuu. Basi bado! Nimemtengenezea jedwali: safu ya Ayoub, safu ya Nadir, alama za ibada, tabia na sura, zote nimetia mwenyewe, na fomula chini imchagulie mkwe. Nshamtumia. Sasa nalifungua nione lilivyopendeza.

Imemchagua Nadir.

Mabano tu hayo ya fomula, nimeyakosea. Nampelekea mzee jengine kabla ya Alasiri.